Je, Sheria Ni ya Wenye Fedha Tu?

Mama mmoja alikuwa akifika katika zahanati yetu kila Jumatatu asubuhi. Presha yake ilikuwa juu. Tulimpa vidonge, tukamwonya apunguze chumvi na ajitahidi kupumzika. Juma la pili presha ilikuwa palepale. Juma la tatu ikapanda zaidi. Tukadhani hamezi dawa, nasi tukamwuliza kwa ukali kidogo. Aliinamisha macho, akasema: "Dada, dawa ninameza. Usingizi ndio sina. Nimepewa hadi mwisho wa mavuno niwe nimehama."

Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu walikaa kikao ambacho yeye hakuitwa. Wakakata shauri kwamba shamba la mihogo na maharage, pamoja na nyumba ya bati ambayo yeye na mumewe waliijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa, ni mali ya ukoo. Watoto wanne wangegawanywa kwa baba zao wadogo. Yeye angerudi kwao.

Mpendwa msomaji, ungempa mama huyu ushauri gani?

Kabla hujajibu, yafaa sisi tukiri jambo. Miaka mingi kabla ya hapo, mama mwingine wa kanisani kwetu alituletea habari kama hiyo hiyo. Nasi, kwa nia njema kabisa, tukamwambia: "Vumilia, mama. Mwachie Mungu." Akavumilia. Shamba likauzwa. Watoto wake wawili wakaacha shule. Msimu uliofuata tulimkuta akilima kibarua katika shamba lilelile ambalo awali lilikuwa lake, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Alitusalimia kwa upole, "Mwakeye," kama desturi yetu Waha. Siku ile tulijua kwamba ushauri wetu haukuwa imani. Ulikuwa ujinga wa sheria, nasi tukauita uvumilivu.

Tangu hapo swali hili halijatutoka: Je, sheria ni ya wenye fedha tu? Watu wengi wa huku Kasulu na Kibondo wangejibu, "Ndiyo." Wakili yuko mjini. Ofisi yake ina karani na ada. Karatasi zake ni za Kiingereza. Hata Mahakama Kuu, kwa sisi wa Kigoma, kwa miaka mingi ilikuwa Tabora, safari ambayo mjane mwenye madebe mawili ya maharage hawezi hata kuiwaza.

Lakini wapo watu ambao hawakuridhika na hali hiyo. Wengine ni majaji, wengine mawakili, na wengine ni akina mama wa vijijini wenye daftari na kalamu tu. Makala hii inawahusu hao, kwa kuwa kazi yao imefika hadi jikoni kwako na shambani kwako, hata kama hujapata kusikia majina yao.

Karatasi zilizotutisha

Tangu miaka ya 1990 hadi mwisho wa mwaka 2012, jina la Mtabila lilijulikana kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Kambi ilifungwa, na zaidi ya watu 30,000 walirudishwa kwao katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Eneo hilo sasa ni la Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini sisi tulioanzia kazi ya uuguzi pale bado tunaikumbuka mistari ya nyumba za udongo na foleni ya akina mama kwenye kliniki ya watoto.

Jambo moja lilitushangaza. Akina mama hawakuja na watoto wagonjwa tu. Walikuja pia na karatasi. Mmoja ana barua ya mahojiano, mwingine ana hati ya mtoto, mwingine ameolewa na Mtanzania na hajui yeye na wanawe ni wa upande gani. "Sista, nisomee." Tulisoma. Maneno tuliyaona, lakini maana yake kwa maisha ya yule mama hatukuijua. Wengi waliweka dole gumba mahali walipoonyeshwa, wakaondoka na hofu ileile waliyokuja nayo.

Sisi wauguzi tunajua jinsi tiba ilivyoshuka kutoka hospitali kubwa hadi kijijini. Zamani mtu alikufa kwa kuharisha akisubiri lori la kwenda hospitali. Baadaye mhudumu wa afya wa kijiji alifundishwa kuchanganya maji, chumvi na sukari, na watoto wengi wakapona bila kumwona daktari. Hakuna aliyesema daktari hana kazi. Ila ilionekana kwamba si kila homa inahitaji daktari, na kwamba yule anayehitaji daktari lazima awepo mtu wa kumtambua mapema. Je, sheria haiwezi kushuka vivyo hivyo?

Kwa hakika imeanza kushuka. Hebu tuone ilivyokuwa.

Mama aliyekosa, wengine wakapata

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke mmoja, Bi Hawa Mohamed, alikuwa ameachana na mumewe, Ally Sefu. Alidai sehemu ya mali waliyochuma wakiwa pamoja. Hakuwa na mshahara. Kazi yake ilikuwa kupika, kufua na kutunza nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Swali likawa: kazi ya jikoni nayo ni mchango? Mahakimu na majaji hawakukubaliana. Wapo waliosema kwamba mke akipika anatimiza wajibu wake tu, na hachumi kitu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa jibu. Ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mume anayekwenda kazini akiwa ameshiba na nguo zake ni safi hakuchuma peke yake.

Wengi hawajui mwisho wa kisa hicho. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara naye akazitumia ovyo. Alitoka mahakamani mikono mitupu. Lakini tangu siku ile, kila mwanamke wa Tanzania anayesimama mbele ya hakimu na kusema "nililea, nilipika, nililima" anasimama juu ya shauri lake.

Shamba la mwanamke mzee wa Muleba

Kisa cha pili kilitoka mkoa jirani wa Kagera. Huko Muleba mwanamke mzee, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani kuupinga uuzaji huo. Kwa mila ya Wahaya, mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo wakati wa uhai wake, lakini hakuruhusiwa kuliuza. Mwanamume aliruhusiwa.

Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 alitoa hukumu iliyosomwa hata nje ya nchi yetu. Alikumbusha kwamba Haki za Binadamu zimo ndani ya Katiba yetu tangu mabadiliko ya mwaka 1984, na kwamba mila inayomnyima mwanamke kile inachompa mwanamume haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Uuzaji ule ukahesabiwa kuwa halali.

Msomaji wa Biblia atakuwa amekumbuka binti za Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Nao walikuwa watano, baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na desturi iliwapita. Hawakunung'unika pembeni. Walikwenda mlangoni pa hema, mbele ya Musa na wakuu wote, wakasema shida yao. Na jibu la Mungu halikuwa kuwakemea. Alisema wamenena vema, na sheria ikawekwa kwa ajili yao na ya waliokuja baada yao.

Wanasheria waliofungua mlango

Hukumu nzuri iliyofungiwa kabatini haimsaidii mama wa kijijini. Ndiyo maana mwaka 1989 ni mwaka wa kukumbukwa. Mwaka huo wanasheria wanawake waliungana wakaanzisha chama chao, TAWLA. Mwaka huohuo huduma ya msaada wa sheria kwa wanawake ilianza chini ya Shirika la Uchumi la Wanawake, SUWATA. Baadaye huduma hiyo ikajitegemea, ikawa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC. Wakili aliyezoea kumpokea mteja mwenye ada sasa alikaa mezani na mwanamke asiye na kitu, akamsikiliza na kumwandikia madai yake bure.

Kazi hiyo haikuwa na mteremko. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na wakwe walisaidiwa na WLAC kupinga sheria ya mila iliyoandikwa na Serikali mwaka 1963. Sheria hiyo inasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria hiyo inawabagua wanawake, lakini ikaogopa kuifuta, ikisema kwamba ingefungua mlango wa kupinga mila zote. Wajane wakakata rufaa. Wakangoja miaka minne. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika amri ya mahakama, kosa ambalo wao hawakulifanya.

Hawakukata tamaa. Walipeleka malalamiko yao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ilisema kwamba haki zao zimevunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria hizo. Akina mama, tazameni: miaka tisa kutoka hukumu ya kwanza, kwa jambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliona kwa macho. Hivyo tusidhani kwamba vita imekwisha. Kesi inaweza kushindwa kwa kosa la karatasi, na ndiyo sababu tunahitaji watu wa sheria wanaojali mtu kuliko karatasi.

Mabinti wa siku hizi nao wamefuata njia hiyo. Rebeca Gyumi, msomi wa sheria, alipinga mahakamani vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuozwa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Wakili wake alikuwa Jebra Kambole. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, ikiagiza sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila marekebisho. Sisi wauguzi tunaowapokea wasichana wa miaka 15 katika chumba cha kujifungulia, nyonga zao hazijakomaa, tunajua gharama ya kila mwaka unaopita.

Ushauri wa Yethro

Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro alimwona akichoka na watu wakichoka. Akamshauri achague watu waaminifu, wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, waamue mambo madogo, na yale makubwa tu yafike kwake (Kutoka 18). Ushauri huo ni wa zamani sana, lakini kwetu umetimizwa hivi karibuni.

Tunawazungumzia wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili. Ni watu wa kijijini au mtaani waliopewa mafunzo ya sheria za ndoa, ardhi, mirathi na watoto: mwalimu mstaafu, mkulima, fundi cherehani, mama wa nyumbani. Tangu mwaka 2011 mfuko uitwao Legal Services Facility umegharimia mafunzo na kazi zao katika wilaya za Bara na Zanzibar. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, ambayo kwa mara ya kwanza iliwatambua rasmi. Sheria hiyo inaeleza mipaka pia. Msaidizi wa kisheria hufundisha, hushauri, husaidia kuandika na kuelekeza mtu mahali panapofaa. Hasimami mahakamani kama wakili, wala haruhusiwi kudai malipo kwako. Mwaka 2023 Serikali nayo ikaanzisha Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyokwenda mkoa kwa mkoa na kuwasikiliza wananchi kwenye vijiji vyao.

Lugha nayo imebadilika. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili siku zote, lakini ukikata rufaa ulikutana na Kiingereza, na mama aliyeshinda au kushindwa alihitaji mtu wa kumtafsiria hukumu yake mwenyewe. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kuwa Jaji wa Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Mahakama yenyewe imejaribu kumfuata mwananchi. Mwaka 2019 ilianzishwa mahakama inayotembea, yaani gari lililotengenezwa ndani kama chumba cha mahakama, Dar es Salaam na Mwanza. Huko Temeke kipo kituo kilichotengwa kwa ajili ya mashauri ya familia: ndoa, mirathi na watoto. Na sisi wa Kigoma sasa tuna Mahakama Kuu papa hapa mkoani.

Majirani zetu hawakulala. Nchini Uganda, mwaka 2012, mwanasheria Gerald Abila alianzisha BarefootLaw, huduma ya kujibu maswali ya sheria bure kwa njia ya simu na mtandao. Huko huko Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa, akaacha mtoto mdogo nyumbani. Akiwa gereza la Luzira yeye na wenzake 417 walipinga sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kutazama mazingira ya kosa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikawakubalia. Kigula alisomea sheria gerezani kwa mafunzo ya Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake kuandika rufaa zao, na mwaka 2016 akatoka akiwa huru.

Mama wa Jumatatu alivyosaidiwa

Turudi zahanati. Safari hii hatukusema "vumilia." Tulimpeleka kwa mama mmoja wa kata yetu ambaye ni msaidizi wa kisheria. Alitupokea uani, akiwa anaanika mihogo. Akanawa mikono, akaleta daftari.

Swali lake la kwanza halikuwa "nani mbaya wako?" Aliuliza: "Cheti cha ndoa unacho, mwanangu? Cha kifo je? Vyeti vya watoto?" Cha ndoa kilikuwepo, kimefungwa ndani ya khanga. Cha kifo hakikuwepo, akaelekezwa pa kukifuata. Kisha akamwuliza shamba lilipatikanaje, nani alikuwepo wakati wa kulinunua, na mumewe aliishi kwa kufuata mila za ukoo au la.

Swali hilo la mwisho lina maana yake, hasa kwetu Wakristo. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake huweza kuhitaji mahakama ya juu zaidi. Wajane wengi wamepoteza miezi kwa kufungua shauri mahali pasipo pake.

Baadaye yule msaidizi alikwenda mwenyewe kumwona mzee wa ukoo. Hakumtisha kwa polisi. Alimsikiliza kwanza. Ikaonekana kwamba mzee hakuwa mwenye tamaa kama tulivyodhani. Hofu yake ilikuwa kwamba mjane angeolewa tena na ardhi ya wajukuu ikahama. Akaelezwa kwamba mali waliyoichuma mke na mume haiwi ya ukoo kwa sababu ya kifo, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haitambui mila inayomnyima mwanamke au mtoto ardhi. Akaelezwa pia kwamba njia ipo ya kulinda haki ya watoto bila kumtupa mama yao.

Kikao kikaitishwa upya, safari hii mjane akiwemo. Yeye na shemeji yake mmoja wakapendekezwa kuwa wasimamizi wa mirathi, na mahakama ikawathibitisha baada ya tangazo kubandikwa na kukosekana pingamizi. Nyumba ikabaki kwa mama na watoto. Sehemu kubwa ya shamba vilevile. Kipande kimoja, ambacho kweli kilitoka kwa babu, kikarudi kwa ukoo. Hakupata vyote, lakini alilala.

Yule msaidizi hakulipwa. Nauli ya bodaboda kwenda mjini Kasulu aliitoa mfukoni mwake mara mbili. Hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu: wengi wao ni wa kujitolea, na wengine huacha kwa sababu ya kukosa hata fedha za karatasi. Vikundi vya akina mama makanisani vinaweza kufikiri hapo. Tunachanga kwa ajili ya mgeni na harusi. Je, hatuwezi kuchangia nauli ya anayemtetea mjane?

Mambo ya kufanya nyumbani

Kinga ni bora kuliko tiba, nasi wauguzi hatuchoki kulisema hilo. Basi, mama mpendwa, fanya haya ukiwa na amani na mumeo, wala usingoje siku ya msiba au ya ugomvi.

1. Tunza vyeti. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti za mabati au kiwanja viwekwe pamoja, mahali pakavu, na mtu mmoja mwaminifu ajue vilipo.

2. Jina lako liwe kwenye ardhi. Mnaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya mume na mke. Aidha, Sheria ya Ndoa hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na kukiwa na mgogoro, kumbuka kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake.

3. Zungumzeni juu ya wosia. Wosia haumwiti mtu kifo. Uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi zaidi, hivyo ulizeni mapema.

4. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Sema, "Naomba siku mbili, nisomewe." Mwenye nia njema hatakataa.

5. Ukipigwa, usifiche. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Njoo utibiwe, maana uhai wako ni wa kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ndiyo inayobeba maelezo ya majeraha hadi mahakamani, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Maandishi ya muuguzi au daktari siku ileile yana nguvu kuliko machozi ya mwezi ujao.

6. Mjue msaidizi wa kisheria wa kata yako kabla hujamhitaji. Uliza kwa mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii. Jihadhari na vishoka wanaozunguka mahakamani wakijiita wanasheria na kudai fedha. Anayekutoza na kukataa kutoa risiti, mwepuke.

Na pale ndoa inapotikisika, usikimbilie talaka. Sheria yenyewe inataka shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na makanisa mengi yanalo. Lakini wazee wetu wa baraza nao wajifunze sheria, ili wasije wakampatanisha mama na kifo chake.

Yule mama wa kwanza tungali tunakutana naye ibadani. Shamba lake hatukuweza kulirudisha, kwa kuwa miaka imepita na mnunuzi amekwisha kujenga. Mwaka jana, baada ya semina ya sheria ya kikundi chetu cha akina mama, tulimwendea tukamwomba radhi kwa ushauri wetu wa siku zile. Hakulia, wala hakutulaumu. Alitushika mkono, akasema: "Basi waambieni wengine."

Ndiyo maana tumeandika.